Sadia Alipoacha Kuitika

Siku mliponiaga kwa kustaafu pale hospitali ya Garsen, mmoja wenu alisimama na soda mkononi akasema mzee atuandikie siri za kazi. Siri sina. Nina magoti yanayouma, miwani mbili ambazo hakuna hata moja inayonifaa, na wagonjwa wachache ambao hawajanitoka kichwani tangu walipotoka wodini, wengine kwa miguu yao, wengine kwa machela. Nitawaandikia habari za mmoja. Ila itabidi nianzie nyuma kidogo, maana mgonjwa huyo nisingemtambua kama nisingekuwa nimefundishwa na mtu.

Mimi ni Mpokomo wa Ndera. Kwetu tulilima ukingoni mwa mto: ndizi, mahindi, na mpunga mto ulipokubali. Ng'ombe tuliwaona wakishuka kunywa maji na mara nyingine tuliwaona wakila mahindi yetu, na huo ndio uliokuwa ujuzi wangu wote wa mifugo. Nilipomaliza masomo ya utabibu niliomba kupangwa mjini. Nikapangwa zahanati moja upande wa Nanighi, yenye vyumba viwili na paa la mabati lililokuwa likialika kwa jua mchana kutwa. Watu wakaniita daktari. Sikuwa daktari, nilikuwa klinikal ofisa, yaani tabibu tu, lakini huko ukivaa koti jeupe wewe ni daktari hata kama umekuja kupaka rangi.

Niliyemkuta pale alikuwa Bi Mwanaheri, muuguzi, mwanamke wa Kipini mwenye Kiswahili cha kwao na ulimi usiokuwa na mfupa. Siku yangu ya kwanza foleni ilifika nje. Homa, homa, homa. Mimi nikaandika malaria, malaria, malaria. Foleni ilipokwisha akaniita.

"Ndoo hapa, mwanangu," akasema, maana kwao njoo ni ndoo na leo ni yeo. "Hawa mbu wako wamefanya kazi kubwa yeo. Watu wote hawa wamewauma wao peke yao?"

Akanipeleka kwa mzee mmoja wa Kiorma aliyekuwa amelala kwenye benchi kwa ubavu, kwa kuwa kulala chali kulimuumiza mgongo. Alikuwa amemeza dawa za malaria hadi mkojo wake umebadilika rangi. Homa inakuja, inaondoka, inarudi. Usiku anatoka jasho hadi mkeka unalowa. Bi Mwanaheri hakumuuliza lolote kuhusu mwili wake. Alimuuliza habari za ng'ombe. Mzee akafufuka, kwa sababu hakuna mfugaji anayechoka kuulizwa habari za ng'ombe, akasema mwaka ule haukuwa mzuri, ng'ombe kadhaa walikuwa wametupa mimba.

"Na nani aliyewasaidia kutoa ndama wale wafu?"

Mzee akainua mikono yake miwili.

Hivyo ndivyo nilivyokutana na brusela. Ni ugonjwa wa mifugo unaowatupisha mimba ng'ombe, mbuzi na ngamia, kisha humwingia mtu kwa maziwa mabichi, au kwa mikono iliyogusa ndama aliyetupwa au kondo lake la nyuma. Kila mtu huku amekunywa maziwa mabichi. Niliwahi kumshauri mama mmoja achemshe, akaniambia maziwa yaliyochemshwa ni maziwa maiti, na anayekunywa maiti ni fisi. Sikumshinda. Nanyi hamtawashinda wote, lakini endeleeni kusema.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi, mimi na Bi Mwanaheri, na baadaye sote wawili tukahamishiwa Garsen. Huko tukapata maabara, na maabara ilikuwa na Katana, Mgiriama mtaratibu aliyezungumza kana kwamba maneno yanakatwa kwenye mshahara wake. Kipimo cha brusela mnakijua: tone la maji ya damu juu ya kigae cheupe, tone la dawa yenye rangi, unachanganya kwa kijiti, unatikisa taratibu, unatazama. Yakishikana chembechembe, jibu ni ndiyo. Mimi nilikipenda sana kipimo hicho mpaka Katana aliponiharibia furaha.

"Kwa watu wa hapa," aliniambia, "hata ukipima kibuyu cha maziwa kitasema ndiyo."

Alikuwa na maana kwamba mtu aliyekunywa maziwa mabichi maisha yake yote huenda damu yake ikashikana na asiwe mgonjwa wa brusela. Kipimo kinakwambia mtu amekutana na huo ugonjwa. Hakikwambii uko wapi leo, wala kama ndio unaomuua. Hilo lazima ulitafute mwenyewe, kwa mikono, macho na maswali.

Sasa nifike kwa Sadia.

Ilikuwa ni miaka michache baada ya ile damu iliyomwagika kati yetu wakulima na ndugu zetu wafugaji. Wenye umri wangu hawahitaji kukumbushwa, na ninyi vijana mmesikia majumbani, kila mmoja kwa upande wa nyumba yake. Watu walikuwa wamerudi kusalimiana, lakini kwa mikono, si kwa macho. Wagonjwa wa Kiorma wengine waliuliza mlangoni ni nani aliye zamu kabla ya kuingia. Wapokomo nao walifanya vivyo hivyo kwa wenzangu Waorma.

Barisa alikuja asubuhi na mkewe, Sadia, na mama yake mzee. Barisa alikuwa mfugaji wa makamo, mrefu, mwenye shuka begani. Sadia alikuwa mwanamke mdogo ukilinganisha naye, amekonda, na alitembea ameachanisha miguu, akiikanyaga ardhi kama mtu anayevuka tope. Mama mkwe alikuwa amemshika kiwiko.

"Ana nini?" nikauliza.

"Jeuri," Barisa akasema.

Nilidhani sikumsikia vizuri. Akaeleza kwa Kiswahili chake cha sokoni, kifupi na cha moja kwa moja. "Zamani alikuwa mke mzuri. Alianza homa, kichwa, mgongo. Tumenunua dawa ya malaria, tumenunua ya taifodi, duka hili, duka lile. Homa inaisha, inarudi. Halafu jeuri ikaingia. Mimi naita yeye, haitiki. Naita tena, anaangalia ng'ombe. Mgeni anakuja, anaomba maji, yeye amekaa tu. Watu wananicheka. Mke gani huyu anaitwa na mume haitiki?"

"Na kutembea hivi?"

"Hiyo imekuja nyuma. Na maneno ya wazimu. Anasema kuna nyuki ndani ya kichwa. Tumeita shehe amesomea, nyuki hawajatoka."

Bi Mwanaheri alikuwa nyuma ya Sadia akipanga vyombo. Alinitazama, akachukua sinia ya chuma ya vyombo vya sindano, akaiachia sakafuni. Mlio wake uliwarusha wote. Mama mkwe alishika kifua. Barisa aligeuka na fimbo mkononi. Wodi ya jirani mtoto akaanza kulia.

Sadia alikuwa anatazama dirisha.

Nilikuwa na uma wangu wa sauti, kile chuma chenye pembe mbili kinachovuma ukikigonga. Nilikuwa nimekitumia mara chache sana, na kwa kawaida watoto walikitamani kuliko wagonjwa. Nikakigonga, nikakiweka karibu na sikio la Sadia. Hakuna. Nikakigonga tena, nikaweka shina lake kwenye mfupa nyuma ya sikio. Sikio likiwa limezibwa tu kwa nta au usaha, mtu hukisikia kupitia mfupa. Yeye alinitazama kwa upole, akingoja nimfanyie lile nililokuwa nataka kumfanyia. Sikio lingine pia, hakuna. Basi haikuwa nta. Ulikuwa ni mshipa wenyewe wa kusikia. Nikamgonga chini ya goti kwa nyundo ndogo, mguu ukaruka kwa nguvu kuliko unavyopaswa. Nikamwinamisha shingo, ikagoma, na uso wake ukajikunja kwa maumivu.

Masikio, miguu, shingo. Vitu vilivyo mbali mbali mwilini, lakini njia yao ni moja: ubongo na uti wa mgongo. Nikauliza habari za ng'ombe.

Mama mkwe ndiye aliyejibu. Ng'ombe walikuwa wametupa mimba tangu kiangazi kilichopita. Sadia ndiye aliyekuwa na mikono midogo, kwa hiyo ndiye aliyeitwa kila mara ndama anapokwama. Alikuwa akiingiza mkono mpaka begani.

Katana alipima damu. Ilishikana upesi, lakini mnakumbuka alichoniambia. Kifua kikuu pia kinaweza kuingia kwenye utando wa ubongo na kumfanya mtu hivyo hivyo, na dawa zake ni nyingine. Ilibidi tuyatazame maji yenyewe yanayozunguka ubongo, na maji hayo huchukuliwa sehemu moja tu, kwa sindano katikati ya mifupa ya mgongo, chini, karibu na kiuno. Nilimchungulia kwanza ndani ya macho kwa kurunzi ya macho, kuhakikisha kwamba kichwani hakuna shinikizo la kunikataza. Palikuwa salama. Nikamweleza Barisa.

"Mgongo hapana," akasema.

"Barisa..."

"Jirani yangu walimchoma mgongo. Hakutembea tena. Alikufa."

"Huyo alikuwa anakufa tayari, ndiyo maana akachomwa. Sindano siyo iliyomuua."

"Wewe ulikuwepo?" Akanitazama kutoka viatu hadi uso. "Na wewe ni Mpokomo."

Katana aliyekuwa mlangoni alirudi maabara bila kuaga. Mimi nilikuwa na maneno mengi ya kusema na hakuna hata moja ambalo lingemsaidia mgonjwa. Mimi nami nilikuwa na wafu wangu katika damu ile. Maneno nikayameza.

Bi Mwanaheri ndiye aliyesema. "Haya. Yeye Mpokomo, wewe Muorma, mimi mtu wa Kipini. Na huyu mwenye kitwa kinachouma ni nani? Mmemuuliza?"

"Yeye hasikii," Barisa akasema, kwa hasira, na mara tu lilipomtoka neno hilo alinyamaza, kama mtu aliyejikwaa. Hakuna aliyekuwa amemwambia bado. Alilisema mwenyewe.

Bi Mwanaheri alivua viatu. Mwanamke yule alikuwa karibu kustaafu, mnene, mwenye presha, na alipanda kitandani mbele ya macho ya Sadia, akalala ubavu, akajikunja magoti kifuani kama mtoto tumboni. Akaniashiria. Nikachukua kalamu, nikagusa kiuno chake kwa ncha yake, taratibu, ili Sadia aone mahali. Nikachukua chupa ndogo ya kioo, nikaonyesha tone likidondoka. Nikaonyesha kichwa changu, nikaonyesha chupa. Kisha Bi Mwanaheri akashuka, akatembea chumba kizima kwenda na kurudi, akipiga hatua kubwa za madaha kama bibi harusi, mkono kiunoni.

Sadia alitabasamu. Mama mkwe alisema hajaona meno yake tangu kiangazi. Sadia akatutazama mmoja mmoja, midomo yetu kwanza, halafu macho. Akamtazama mumewe muda mrefu zaidi. Halafu akapanda kitandani mwenyewe, kwa shida, akilibeba goti kwa mikono miwili, akatugeuzia mgongo na kujikunja.

Barisa alitoka nje.

Sindano hiyo haina ushujaa, vijana. Ni kuhesabu mifupa kwa kidole, kusafisha, kutia ganzi, na kwenda polepole mpaka mkono uhisi ile hali ya kupenya, kama unapotoboa ngozi ya ndizi mbichi. Bi Mwanaheri alimkumbatia Sadia kwa mbele, paji kwa paji. Maji yaliyodondoka yalipaswa kuwa safi kama ya mvua. Yalikuwa na ukungu kidogo na rangi ya manjano hafifu. Sikufurahi kuyaona.

Katana aliyatazama chini ya darubini. Chembe nyeupe nyingi mahali ambapo hapakupaswa kuwa na nyingi, protini juu, sukari chini. Yote hayo yangeweza kuwa kifua kikuu pia. Tukayapeleka mengine kwa barafu hospitali kubwa ya pwani, ambako wangeweza kuitafuta brusela ndani ya maji yenyewe. Mto ulikuwa umefurika na barabara ilikuwa inakatika, kwa hiyo kisanduku kilisafiri kwa gari, kwa mashua, na kwa gari tena. Nikampigia simu daktari wetu wa Hola. Akasema tusingoje, tuanze dawa za brusela, na kama maji yakisema vingine tutabadilisha. Tukaanza sindano za mshipa kila siku na vidonge viwili vya aina tofauti. Ile sindano ya zamani tuliyozoea kuwapa wagonjwa wa brusela hatukumpa, maana nayo hudhuru masikio, na kama palikuwa na kitu kilichobaki huko ndani hatukutaka kukizika kwa mikono yetu.

Majibu yalikuja kwa simu. Brusela, ndani ya maji ya uti wa mgongo.

Siku hiyo ndiyo niliyomketisha Barisa nje, kwenye kivuli cha tangi la maji, nikamweleza kwa maneno mepesi niliyoweza. Kwamba ugonjwa wa ng'ombe ulikuwa umepanda hadi kichwani. Kwamba umekula mishipa ya kusikia, sasa ulikuwa unakula ya miguu. Kwamba wale nyuki walikuwa ni ule mshipa ukilia unapokufa, jambo ambalo wagonjwa wengi husimulia.

Alichora ardhi kwa fimbo.

"Kwa hiyo nilipokuwa namwita," akasema, "alikuwa hasikii."

"Hakuwa anasikia."

"Hata kidogo?"

"Mwanzoni labda kidogo. Mwishoni hata kidogo."

"Nilimpiga," akasema. "Mbele ya watu, kwa sababu haitiki." Halafu akasema lingine, kwa sauti ya chini kuliko hiyo. "Na nilitoa talaka moja. Kabla ya kuja hapa. Nilisema mbele ya wazee, yeye amekaa pale pale. Alinitazama tu. Nikasema, ona jeuri hii, anaachwa na hata machozi hana."

Sadia alikuwa ameachwa na hakuisikia talaka yake. Alihamishiwa nyumba ya mama mkwe na hakujua kwa nini, akadhani ni kwa sababu ya ugonjwa.

Matibabu yalichukua miezi. Wodini kwanza, kisha akawa anakaa kwa jamaa pale Garsen ili mafuriko yasimtenge na dawa. Homa iliisha na haikurudi. Maumivu ya kichwa yakaondoka. Miguu ikapata nguvu kidogo kidogo, akaacha kushikwa kiwiko, akatembea kwa fimbo, ingawa hakupata tena mwendo wake wa zamani. Kila nilipomwona nilitoa ule uma, nikaugonga, nikauweka nyuma ya sikio. Alikuwa akifumba macho ili ajaribu vizuri zaidi. Kisha hufumbua na kutikisa kichwa, na akiniona nimeinamisha uso ananipigapiga mkono, kama mimi ndiye mgonjwa.

Nisiwafiche: tuliutambua ugonjwa, na tuliutambua kwa kuchelewa. Yote mawili ni kweli, na hakuna moja linalofuta lingine.

Dawa zilipokwisha, kaka yake alikuja kutoka Chewele kumchukua. Barisa naye alikuja siku hiyo hiyo, amevaa kanzu safi, na mama yake. Alisema anataka kumrejea mkewe. Kaka mtu, kwa adabu, akamwambia eda, ule muda wa kumrejea, ilikwisha zamani, sasa ni ndoa mpya, na katika ndoa mpya mwanamke huulizwa.

"Basi aulizwe," Barisa akasema. Akanigeukia. "Daktari, wewe unajua kuongea na yeye kwa mikono. Mwambie sikujua."

Jamani. Kuna ishara ya kula, ya kulala, ya maumivu, ya kumeza kidonge asubuhi na jioni. Ya kusema sikujua iko wapi? Sadia hakusoma hata alif. Nilimwonyesha Barisa kwa kidole. Nikaonyesha sikio lake Sadia. Nikaonyesha kichwa cha Barisa, nikatikisa kichwa changu. Naye Barisa mwenyewe akasogea, akajigusa kifua, akajigusa sikio, akafungua viganja vyake vitupu. Midomo yake ilikuwa inasema kitu kwa Kiorma, tena na tena, polepole. Mama yake alikuwa analia.

Sadia alimtazama kwa makini yote ya mtu asiyesikia. Sijui alielewa nini. Huenda alielewa kila kitu. Kisha akamgeukia kaka yake akasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo watu wasioisikia sauti yao, maneno ambayo mama mkwe alinitafsiria baadaye: "Twende, jua limekuwa kali."

Akaingia garini kwa fimbo yake. Alimkumbatia mama mkwe kupitia dirisha. Barisa alibaki amesimama na viganja vyake wazi.

Bi Mwanaheri alistaafu mwaka uliofuata akarudi Kipini. Sadia yu hai. Kaka yake hunipasha habari zake: anatembea, anafuga kuku, na maziwa ya nyumba ile hayachemshi mtu mwingine ila yeye.

Barisa hakuoa tena. Hunipigia simu mara kwa mara, hata sasa baada ya kustaafu. Hunisalimia, huuliza hali ya nyumbani kwangu, hunieleza habari za mvua. Halafu huuliza kama masikio ya Sadia yamepona. Nami humwambia ukweli, kwamba mshipa ule ukishakufa haufufuki. Husema amesikia. Hunishukuru. Na kabla ya kukata simu huniambia, "Lakini akianza kusikia, daktari, hata kidogo, unipigie. Nina neno nataka kumwambia."